Mguu Uliolala

Nilimpima Kerubo akiwa usingizini,
simu nimeibana kidevuni, taa ikiwaka,
uzi kutoka kisigino hadi kidole gumba.
Nikapiga fundo, nikakata kwa meno,
nikautia mkobani kama hela ya chama.

Asubuhi nilikuwa Gikomba, tope kifundoni,
marobota yakipasuliwa, wenye mbio wakigombea kamera.
Musembi wa viatu vya watoto akaniuliza:
"Mwenye mguu yuko wapi?"
Yuko shule, nikasema. Nikamwonyesha uzi.

Hakucheka. Aliushika kwa vidole viwili,
akauning'iniza mbele ya macho.
"Mama, huu ni mguu uliolala.
Uliosimama ni mwingine. Umebeba mwili, umebeba begi,
umetandazika kama donge la chapati chini ya kifimbo.
Mlete jioni, akishachoka kuruka kamba.
Jioni mguu hausemi uongo."

Basi nipe kikubwa tu, nikamwambia,
atakua nacho.
Ndivyo nilivyolelewa: mwaka wa kwanza gazeti puani,
mwaka wa pili kiatu changu,
mwaka wa tatu na wa nne, kimya.
Kidole changu cha mwisho tangu hapo
kimelala chini ya jirani yake, hakijaamka.
Hayo sikumwambia Musembi.

Jioni tukarudi wawili.
Akatandika kipande cha boksi juu ya gunia.
"Simama. Usinyanyue kisigino."
Penseli ikazunguka, ikimtekenya,
mguu mmoja, kisha wa pili,
na tazama: wa kushoto umeuzidi wa kulia
kwa unene wa punje ya mahindi.
Mimi niliyemzaa, niliyemwosha miaka saba,
sikujua.

"Tunamvalisha mkubwa," akasema Musembi, "mdogo atasamehe."

Akageuza soli moja baada ya nyingine.
Hiki kimeliwa upande; aliyekivaa alitembea kombo,
usimrithishe wako.
Hiki kinajikunja tumboni, vidole havikunjwi tumboni.
Hiki kisigino kinacheza kama jino bovu.

Lakini Kerubo alikuwa ameshaona vyake:
vyeusi, vinang'aa, kifungo cha fedha ubavuni,
mia tatu tu.
Akavivuta, akauma mdomo, vikaingia.
"Haviumi," akasema.

Nikaijua sauti hiyo.
Ni yangu, nikiwa na miaka tisa,
mama amesimama na noti moja mkononi,
nami nimesimama ndani ya moto
nikisema haviumi, mama, haviumi.

"Chezesha vidole," nikamwambia.
Tukaangalia ngozi ile inayong'aa, sote watatu.
Haikutikisika.

Tukachukua vya kahawia, vya kamba,
visivyo na sura, mia saba bila kupungua.
Mbele ya kidole gumba pakabaki pumzi,
upana wa dole la Musembi, basi.
Nauli ilikuwa humo ndani ya ile mia saba,
kwa hiyo tulitembea hadi Makadara,
yeye mbele akikanyaga kila kitu makusudi,
mimi nyuma nikitazama visigino vyake
kama mtu anayesubiri habari mbaya.
Haikuja.

Nyumbani nikamvua soksi, nikamwosha,
nikamkausha katikati ya vidole, pale fangasi hupanga chumba,
nikatafuta wekundu.
Hapana wekundu.
Kile kipande cha boksi nikakisimamisha nyuma ya debe la unga.
Aprili tutachora tena.

Naye, na penseli tayari mkononi:
"Sasa wewe, mama. Simama. Usinyanyue kisigino."

Akazunguka polepole, ulimi nje,
akahesabu, akarudia kuhesabu.
"Mama, kidole kimoja hakipo."

Kipo, nikamwambia.
Kilisema hakiumi.